Anayemdai marehemu aonane na familia. Na anayemdai aliye hai?

Mwezi wa 6 Mbeya mnaijua baridi yake. Shangazi aliniomba nimsindikize mitumba ya Mwanjelwa akachague sweta, tukiwa katikati ya meza za makoti ghafla akanikamata mkono akanivuta pembeni. Nikajua kaona kibaka. Akainama, akajifanya anachagua koti, uso kauzamisha kabisa kwenye nguo.

"Shangazi, vipi?"

"Nyamaza kwanza baba, apite."

Nikageuka kuangalia. Aliyekuwa anapita ni mwanaume wa makamo, ndala miguuni, kiroba begani, hata upande wetu hakuangalia. Nikamtambua. Ni jirani yake wa zamani kule Uyole, na shangazi anamdai milioni 12.

Yaani anayedai ndo aliyejificha.

Wiki zimepita na hiyo picha haijanitoka. Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kinamfanya mtu aliyetoa hela yake kwa wema amwogope aliyeichukua, na nikianza kuuliza watu nakuta kila nyumba ina mtu wa aina ya shangazi, ila hakuna anayemsema. Tunajua kumsema mdaiwa. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, inavyodhalilisha watu, mama kanyang'anywa friji, baba kakimbia mji, hayo yote ni kweli na yanauma, ila nyuma ya mdaiwa aliyeanguka kuna mtu mwingine kaanguka kimyakimya, na huyo hana wa kumpa pole.

Hela yenyewe

Shangazi ni mwalimu mstaafu. Kafundisha shule za msingi huko Rungwe, baadaye akahamia mjini, mpaka leo Uyole watoto na wazazi wao wanamwita Mwalimu. Alivyopata mafao yake akalipa vimadeni vyake, akaanza kupandisha nyumba, zilizobaki akasema zikae kidogo.

Jirani alikuwa mtu wa mchele. Anakusanya Ubaruku na Igurusi, anashusha Tunduma. Mtu wa heshima zake, watoto wake watatu wote wamepita kwenye darasa la shangazi. Akaja jioni moja, akakaa, akanywa chai, akaeleza: mavuno ndo yameanza, bei iko chini, mwenye keshi saivi ndo atakayefurahi mwisho wa mwaka, Mwalimu nisaidie milioni 8, mwezi wa kwanza zinarudi. Baada ya wiki kadhaa akarudi kuongezea 4 maana gari lilikuwa limejaa nusu.

Riba hakuna. Alisema tu sikukuu hutanunua mchele.

Maandishi yao ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari, sahihi mbili na shahidi mmoja, fundi cherehani wa pale mtaani. Nimeishika ile karatasi. Imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika, na pale katikati kwenye 8,000,000 ile nane upande wa kushoto umefutika, mtu asiyejua atasoma tatu. Shangazi kaiweka ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko kauweka ndani ya Biblia.

Nyumba imeishia kwenye lenta. Chumba kilichotakiwa kiwe sebule kimeota majani mpaka kiunoni, zile mbao alizonunua mapema kwa ajili ya kenchi kaziuza kwa bei ya hasara alivyoumwa. Bado anapanga vyumba viwili, na kodi inatoka kwenye pensheni ya mwezi.

Alivyoanguka

Sitaki kumfanya yule bwana mwizi, maana nimefuatilia na si mwizi.

Alikuwa anatoa mchele kwa mali kauli, yaani mzigo leo hela baadaye, pale Tunduma, kuna mnunuzi anavusha kupeleka Kongo. Wanaofanya biashara mpakani wanajua inavyokwenda: mzigo wa kwanza analipa vizuri, wa pili analipa akichelewa siku chache, wa tatu unampa mkubwa kuliko yote kwa sababu sasa mnaaminiana, na wa tatu ndo simu haipatikani tena. Jirani akabaki na daftari tu. Kumbe wakati huohuo kuna mkopo wa taasisi alikuwa kaweka hati ya nyumba, marejesho yakaanza kumbana, akakopa kausha damu alipe taasisi, mkewe akakopa kikoba alipe kausha damu.

Kwa hiyo ukiangalia vizuri yeye mwenyewe alikuwa ni mkopeshaji ambaye hakulipwa. Yule wa mpakani kamwangusha yeye, yeye kamwangusha Mwalimu, na Mwalimu hana wa chini yake wa kumwangushia.

Hapa Mbeya hili tumeshaliona kwa wingi ila hatukulihesabu. Soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006, na Sido lilipoungua 2011, watu walihesabu vibanda na mali ya waliokuwemo. Lakini mitaji ya vile vibanda ilitoka wapi? Nyuma ya kila kibanda kulikuwa na dada, mkwe, mama wa kikundi, mzee aliyeuza ng'ombe akampa kijana mtaji. Hao moto uliwaunguza wakiwa makwao, na hawakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Aliyewahi kachukua

Habari za kwamba jamaa kaanguka zilivyosambaa, kila mtu alikimbia kivyake.

Taasisi ilichukua nyumba, kisheria ilikuwa na haki maana hati ilikuwa kwao. Kausha damu walikuja na kirikuu wakabeba TV, friji, mpaka godoro la watoto. Kikoba kikakata akiba yote ya mke. Kaka yake mwenyewe akaja usiku akaondoka na pikipiki, akasema bora ibaki kwenye ukoo.

Shangazi alipika ndizi akapeleka kwenye hotpoti, kwa sababu aliambiwa watoto wamelala njaa.

Hakupata hata kijiko. Yule aliyetoza riba kubwa kuliko wote alipata, aliyekuja na vurugu alipata, aliyekuja usiku alipata, na aliyekopesha bila riba kwa moyo mweupe akatoka na hotpoti lake tupu. Hapa ndo panaponiumiza mpaka leo.

Na hasara haikuishia kwenye hela. Mwanae wa kumzaa alishamwomba milioni 2 na nusu ya bodaboda, akamwambia subiri, halafu akasikia mama kampa jirani 12. Tangu hapo simu zao ni za salamu tu, na sikukuu anapitia kwa wakwe. Kwenye jumuiya nako maneno hayaishi, Mwalimu ana hela huyo, Mwalimu si alikuwa analetewa mchele, atakufa nazo? Presha aliyokuwa anaidhibiti kwa kidonge kimoja sasa ni viwili.

Nilimuuliza siku moja, shangazi kwa nini ulijificha pale sokoni? Akakaa kimya muda, afu akasema: "Nikimsalimia ataona namkumbusha. Nisipomsalimia ataona namchukia. Na mimi baba, namchukia kweli siku nyingine, afu nashindwa kusali."

Nilipoanza kuuliza sheria

Mwanzoni nilikuwa na hasira, nikasema lazima hela irudi. Kituo cha polisi walituambia hili ni la madai siyo jinai, nendeni mahakamani, na kwa kweli hawakukosea, deni la makubaliano ni la madai. Mahakama ya mwanzo ipo, dai kama la shangazi linapokelewa pale na karatasi yake ile ni ushahidi. Lakini kushinda kesi na kupata hela ni vitu viwili.

Unashinda, unaomba kukaza hukumu, yaani mali za mdaiwa zikamatwe ulipwe. Unakamata nini? Sheria inalinda vitu fulani visikamatwe: nguo, vyombo vya kupikia, matandiko, zana za kazi, hata nyumba anayoishi mdaiwa na mkewe na watoto wake, labda awe aliiweka dhamana mwenyewe. Nilivyosoma hapo nikakumbuka lile godoro. Sheria ingelilinda, ila waliolibeba hawakupita mahakamani, kwa hiyo anayefuata utaratibu ndo anazuiwa kugusa kile ambacho asiyefuata alishakibeba. Kuna na kumfunga mdaiwa kama mfungwa wa madai, ila hiyo nayo mdai ndo anayelipia chakula chake huko gerezani. Shangazi aliposikia hivyo alifunga mjadala. Kafundisha watoto wa yule mtu kusoma, ndo aje alipie ugali wa baba yao jela?

Ufilisi wenyewe upo kisheria, Sheria ya Ufilisi Sura ya 25, imetoka enzi za mkoloni, na RITA ile tunayoijua kwa vyeti vya kuzaliwa, ile I kwenye jina lake ni Insolvency, yaani ufilisi. Mtu akishindwa madeni, yeye au anayemdai anaweza kwenda Mahakama Kuu, mali zote zikawekwa chini ya msimamizi mmoja, wadai wote wakaitwa walete madai yao. Wenye dhamana wanachukua dhamana zao, kuna madeni kama kodi na mishahara yanatangulia, wengine wanagawana kinachobaki kwa uwiano. Akishaachiliwa na mahakama, kilichobaki mdai anakipigia mstari.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nikaona ni sheria ya kumkinga mdaiwa. Shangazi angeambulia nini? Labda laki chache. Nikaifunga.

Msiba wa Tukuyu

Kilichonigeuza ni msiba. Tulikwenda kumzika mzee mmoja wa ukoo kule Tukuyu, mvua inanyesha kama kawaida ya kule, na baada ya wasifu na rambirambi msemaji wa familia akasimama akasema maneno ambayo nimeyasikia tangu mtoto bila kuyasikiliza: kama kuna mtu anamdai marehemu, au marehemu anamdai, tafadhali aonane na familia.

Hakuna aliyeshangaa. Watu wawili wakaenda kuonana na familia, wakaandikwa, mmoja alikuwa anadai laki na nusu ya tofali. Hakutukana, hakujificha, hakuna aliyemwita mchoyo. Na inajulikana kwamba kwenye mirathi msimamizi analipa madeni kwanza ndo warithi wagawane.

Nikageuka nikamwangalia shangazi. Alikuwa ananiangalia na yeye.

Kumbe utaratibu tunao. Mtu akifa tunajua kabisa kuita wadai wote mbele za watu, kuandika, kupanga. Lakini mtu akifilisika angali hai, familia inaficha, yeye anahama mtaa anabadilisha laini, na wadai wanaachwa wagombanie kama kuku waliomwagiwa mahindi, mwenye mdomo mrefu ndo anashiba. Hapo ndo nikaielewa ile sheria ya ufilisi upya. Kumhurumia mdaiwa ni nusu yake tu. Nusu nyingine ni kuzuia kirikuu kisiwahi kuliko Mwalimu.

Nina mashaka yangu pia, nisiseme uongo. Kuna waliofilisika na kuna matapeli, na utaratibu wa huruma tapeli anaupenda sana. Pale Mafinga namfahamu baba aliyekopesha mtu milioni 5 kwa dhamana ya shamba la miti, misindano ya kuelekea kuvunwa, akapewa na kopi ya karatasi za shamba. Alipokwenda kukagua akakuta watu wengine wawili wanakagua shamba hilohilo na kopi hizohizo. Huyo hakuanguka, huyo alipanga, na kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, mahali pake ni polisi. Mambo haya mawili tukiyachanganya tunawaumiza wote. Mzee wa watu mkweli anafukuzwa kama mwizi, na mwizi anajificha kwenye neno biashara ilikataa.

Nililipa aliyenitukana zaidi

Nikamtafuta yule jirani. Nikamkuta Igawilo, anafanya kibarua kwenye mashine ya kukoboa ya mtu mwingine, anapima mpunga wa watu. Alivyoniona akataka kuingia ndani, nikamwambia baba, sijaja kwa ugomvi.

Tukakaa kwenye magunia ya pumba. Akaongea mwenyewe bila kuulizwa sana. Kwamba bado aliuza viwanja viwili baada ya kila kitu kuchukuliwa, ila zile hela zote zilikwenda kwa watu waliokuwa wanampigia usiku, waliokwenda kumdhalilisha mke wake kazini, mmoja aliyemsambazia picha kwenye magrupu.

"Kwa hiyo Mwalimu?"

Akainamisha kichwa. "Mdogo wangu, nililipa aliyenitukana zaidi. Mwalimu hakuwahi kunitukana."

Sijawahi kusikia sentensi iliyoniuma hivi. Maana yake upole wa shangazi ndo ulimweka mwisho wa foleni. Akaendelea, hao wengine nawakimbia kwa woga, Mwalimu namkimbia kwa aibu, na aibu ni mbaya zaidi maana woga ukilipa unaisha. Nikamweleza kuhusu sokoni, kwamba na yeye anakukimbia. Hakuwa anajua. Alishika uso na mikono yenye vumbi la pumba akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Kikao

Mahakama Kuu ni gharama na wakili, kwa deni la aina hii hakuna aliyeiweza. Ila nikawaza, kama tunaweza kwa marehemu tushindwe kwa mtu mzima anayepumua? Tukamwomba mzee mmoja wa kanisa anayeheshimika pande zote akaita kikao nyumbani kwake, jirani na mkewe, kaka yake, na wanaomdai waliobaki. Sharti lilikuwa moja tu, kila mtu aseme anadai nini na ameshachukua nini.

Hilo la pili ndo lilileta joto. Kaka alisema pikipiki haihesabiki. Mzee akamwuliza kwa upole sana, ulipoichukua uliichukua kama zawadi? Ikaandikwa.

Orodha ikatoka: Mwalimu 12, mkulima wa Ubaruku aliyetoa mpunga kwa kauli 9, kaka 6 baada ya kutoa pikipiki, na mama mmoja mjane wa pale kanisani 3. Jumla milioni 30. Wengi wetu tulikuwa hatujui hata kama yule mjane yupo, hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata watoto wake. Alivyotajwa alilia, na shangazi akahama kiti akaenda kukaa naye.

Jirani akasema ukweli wake, kwa mwezi anaweza kutoa laki moja na siyo zaidi. Ikagawanywa kwa uwiano: Mwalimu elfu 40, Ubaruku 30, kaka 20, mjane 10. Mkulima wa Ubaruku akapiga hesabu kwenye simu akasema kwa sauti, hii ni miaka 25. Shangazi ana miaka 64. Kila mtu alisikia na hakuna aliyebisha, ndo ukweli wenyewe.

Ila kuna karatasi mpya, safi, iliyoandikwa na kusainiwa na wote, na hiyo ina uzito wake. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6, ukipita huwezi tena kufungua kesi, na ile ya kwenye Biblia saa yake ilikuwa inakimbia. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na sahihi, au akilipa hata sehemu, saa inaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo wewe unayemdai mtu na unamwonea haya kumwomba hela, mwombe sahihi. Na wewe unayedaiwa na umeanguka kweli, itisha watu wako wote siku moja kabla hujabadilisha laini, hata kama una elfu kumi mfukoni, maana ukikaa kimya wewe unapata usingizi na mwenzako anazidishiwa vidonge.

Mwezi wa kwanza elfu 40 iliingia tarehe waliyokubaliana. Wa pili ikaingia 25, akapiga simu kabla ya kuulizwa, mashine ilikuwa imekufa mota. Kaka yake ameshaanza kusema hakuna kikao kitakachomfunga. Mwanae shangazi nimemweleza yote, kasema atakuja, bado hajaja.

Shangazi kaacha kusubiri milioni 12 ndo aezeke. Kaamua vyumba viwili tu vya mbele kwa pensheni na hicho kinachoingia, fundi kashapima, anataka wamalize mwezi wa 10 kabla mvua hazijaanza. Mwenye mbao za kenchi zilizobaki site na ana bei ya kuelewana aniandikie, nitazifuata mwenyewe.